Msumeno wa shaba na mbao za kuungaunga: useremala wa Misri ya kale

Mimi ni seremala, na mteja akiniletea vipande vifupi vya mbao vyenye mafundo, huwakumbuka maseremala wa Misri ya kale. Watu wakisikia Misri huwaza mawe na piramidi. Mimi hushangazwa zaidi na mbao zao, kwa sababu nchi yenyewe ilikuwa na uhaba wa mbao nzuri.

Kando ya Nile ilimea migunga, mikuyu na mikunazi, miti tunayoijua vizuri. Mgunga ni mgumu, ila umejipinda na hutoa vipande vifupi. Mkuyu ni mwepesi na wadudu huupenda. Ubao mrefu ulionyooka uliletwa kwa meli kutoka Lebanoni, nao ulikuwa mwerezi. Kumbukumbu za Farao Sneferu, yapata miaka 2600 kabla ya Kristo, zinataja meli 40 zilizojaa mierezi.

Randa, chombo cha kusawazishia ubao, hawakuwa nayo. Walikuwa na shoka, tezo (shoka dogo lenye bapa lililokingama, la kuchongea), patasi, msumeno na keekee ya kutobolea, iliyozungushwa kwa upinde, na makali yote hayo mwanzoni yalikuwa ya shaba. Uso wa ubao waliulainisha kwa tezo, kisha wakausugua kwa jiwe la mchanga.

Katika kaburi la Meketre, afisa mkuu wa farao, kule Thebes, mji wa kale wa Misri, kulifukuliwa, mwaka 1920, sanamu ndogo za karakana nzima. Mtazame mpasuaji mbao: ubao umesimama wima, umefungwa kwa kamba kwenye nguzo, naye anapasua kutoka juu kwenda chini. Misumeno ya Wamisri ilikata inapovutwa, kwa hiyo meno yake yalielekea mpinini. Shaba ni laini; ukiisukuma, bapa linakunjika, ukiivuta linanyooka lenyewe. Nililijaribu jambo hili kwa bapa jembamba la shaba nililolichonga meno kwa tupa. Kwa kusukuma, lilipinda kabla sijaingia sentimita mbili. Nilipoligeuza likapita, polepole, nami nikawa nasimama kila mara kulinoa.

Kwa kuwa mbao zilikuwa fupi, kazi yao kubwa ikawa kuunga. Walijua tundu na ulimi, yaani ncha ya ubao mmoja kuingia kwenye tundu la mwingine; walijua mkia wa njiwa, ambapo ncha hiyo hupanuka mwishoni isichomoke; walifunga kwa ngozi mbichi ambayo ikikauka hukaza kuliko kamba. Baadaye wakatumia gundi ya ngozi za wanyama. Katika picha za kaburi la Rekhmire, waziri mkuu wa farao, utaona chungu cha gundi hiyo kikiwa motoni.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni jeneza lililopatikana Saqqara, kwenye piramidi ya ngazi ya Farao Djoser. Kuta zake ni tabaka sita za mbao, kila moja na unene wa milimita 4 hivi, zilizoshikizwa kwa vijiti. Nyuzi za tabaka moja zinakwenda wima, za linalofuata zinalala. Seremala yeyote anajua sababu: ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, karibu hausogei kwa urefu. Ukipishanisha nyuzi, kila tabaka linamzuia jirani yake asijikunje wala kupasuka. Hiyo ni plaiwudi, na ina zaidi ya miaka 4,600.

Mashua ya Farao Khufu iliyogunduliwa Giza mwaka 1954 ni fundisho jingine. Ina urefu wa mita 43 na vipande 1,224, bila msumari wa chuma. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba, na matundu yametobolewa kwa upande wa ndani ili kamba isitokeze nje majini. Waliowahi kuuona mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ulioshonwa kwa kamba za makumbi, hawatahitaji maelezo marefu.

Halafu kuna mpingo. Wamisri waliupata kutoka Nubia na Punt, nchi zilizokuwa kusini mwao, wakauita kwa jina ambalo kwa maandishi yao ni hbny. Jina hilo lilipitia kwa Wagiriki na Waarabu hata likatufikia sisi kama abunusi. Ukiwahi kutoboa mpingo kwa chuma cha leo unajua unavyochosha makali na jinsi vumbi lake jeusi linavyokaa kooni. Wao waliuchonga kwa shaba na baadaye shaba iliyochanganywa na bati. Kiti kidogo cha Farao Tutankhamun, alichokalia akiwa mtoto, ni cha mti huo, kimenakshiwa kwa pembe za ndovu.