Tiba ya methadoni: dhana zinazowatoa wagonjwa kliniki kabla ya wakati

Tangu Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua kliniki ya kwanza Tanzania Bara ya methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya heroini yenyewe, huduma hiyo imefika Mwananyamala na Temeke jijini Dar es Salaam, Zanzibar na mikoa kadhaa, na Kenya nayo ikaanza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Kumwingiza mtu katika tiba kumekuwa rahisi kuliko zamani. Kazi ngumu ni kumfanya abaki, na wanaomvuta nje mara nyingi ni watu wanaompenda, wakiongozwa na mambo waliyoyasikia mtaani.

Dhana: methadoni ni unga (heroini) wa serikali.

Heroini hupanda haraka na kuisha ndani ya saa chache, ndiyo maana mraibu huamka na arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa dawa uliyoizoea, na siku yake yote huishia kutafuta kete nyingine. Methadoni, inayonywewa mbele ya mhudumu, hupanda taratibu na kukaa mwilini kwa saa 24 au zaidi, hivyo aliyefikia dozi yake hapati arosto wala halewi, na anaweza kufanya kazi na kulea watoto. Ni kweli kwamba mwili huizoea dawa hiyo na kuitegemea, na hakuna sababu ya kulificha jambo hilo. Hata hivyo, uraibu unaovunja nyumba ni ule wa kutafuta unga kwa gharama yoyote, ikiwamo kuiba na kuchangia sindano, na huo ndio unaotulizwa.

Dhana: mwaka mmoja unatosha, kisha aachishwe.

Hii ndiyo dhana hatari kuliko zote, maana husemwa kwa nia njema. Mama anamwona mwanawe amenenepa, ameanza kibarua, anasali, naye anauliza ataacha lini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliojumuisha zaidi ya watu 120,000 waliotibiwa kwa methadoni, ulikuta kwamba vifo vilikuwa takriban 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka wakati wakiwa katika tiba, na takriban 36 baada ya kutoka. Majuma manne ya kwanza baada ya kutoka yalikuwa mabaya zaidi. Sababu inaeleweka: aliyeacha hupoteza ustahimilivu wa mwili, yaani mazoea ya kuhimili dozi kubwa, na akiteleza siku moja akatumia kiasi kile kile cha zamani, pumzi yake inaweza kusimama. Kusafishwa mwili kwa siku kumi na kurudishwa nyumbani bila dawa kunamweka katika hatari hiyo hiyo. Tiba haina ukomo uliowekwa kwa wote. Anayetaka kupunguza dozi hupunguziwa polepole, kwa makubaliano na daktari, huku mlango wa kurudi ukiachwa wazi.

Dhana: dozi ndogo ndiyo salama.

Mwanzoni ni kweli: dozi huanza ndogo na kupandishwa kwa tahadhari, kwa kuwa siku za mwanzo nazo zina hatari zake, hasa kwa anayechanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Baada ya hapo wengi huhitaji miligramu 60 hadi 120 kwa siku, na anayebanwa chini ya mahitaji yake hurudi kijiweni. Katika nchi zetu kuna jambo la ziada lisilosemwa vya kutosha. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, pamoja na baadhi ya dawa za VVU kama efavirenzi na nevirapini, huifanya methadoni iondoke mwilini haraka, na mgonjwa huanza kutetemeka na kutoka jasho huku ndugu wakidai kwamba methadoni imemshinda. Tatizo hilo hutatuliwa kwa kurekebisha dozi, ambayo hupaswa kuangaliwa upya pia matibabu ya kifua kikuu yanapoisha.

Dhana: mjamzito aache mara moja.

Kuacha ghafla ndiko kunakohatarisha mimba. Mtoto akizaliwa na dalili za arosto hutibiwa, na kwa kawaida mama aliyetulia katika tiba huruhusiwa kunyonyesha.

Dhana: anayekosa siku hana nia ya kupona.

Nia haipandi daladala bila nauli. Kufika kliniki kila asubuhi, na wakati mwingine kliniki iko wilaya nyingine, hugongana na kibarua kinachoanza alfajiri, na mwanamke huongezewa mzigo wa macho ya watu foleni. Zipo nchi ambako mgonjwa aliyetulia hupewa dozi za kwenda nazo nyumbani, na ipo sindano ya mara moja kwa mwezi ya buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini. Kumfukuza mgonjwa kwa sababu kipimo cha mkojo kimeonyesha unga ni kumrudisha kwenye zile takwimu za vifo. Aliyekosa siku tatu au zaidi naye asiogope kurudi, ila aseme kweli amekosa siku ngapi, kwa sababu dozi yake ya zamani huenda imekuwa kubwa mno kwa mwili wake na mhudumu atalazimika kuishusha kabla ya kumpa kikombe.