Sarafu Yenye Kasoro: Imekosewa Mtamboni au Imeumizwa Mkononi?

Wengi wanaotuletea sarafu za zamani kitengoni kwetu, tunakokagua sarafu, huuliza bei kabla hata hawajaketi. Sisi huanza na swali jingine: kasoro hii ilitokea mtamboni, au baada ya sarafu kutoka? Bila jibu la hapo, bei haisemeki.

Sarafu huzaliwa kwa pigo. Kisahani kitupu cha madini hukaa ndani ya pete, kati ya mihuri miwili migumu, kisha hugongwa kwa nguvu. Mihuri huacha picha, pete huzuia madini yasitawanyike. Kisahani kikikaa upande, picha hukatika na sehemu hubaki tupu. Muhuri ukipasuka, madini hujaa kwenye ufa na sarafu huota mstari ulioinuka. Mstari uliozama mara nyingi ni mkwaruzo tu, na mkwaruzo hauongezi thamani.

Kwa sarafu zilizopigwa kwa nyundo, kabla ya mitambo, nenda taratibu. Fundi alilenga kwa jicho, kwa hiyo picha iliyokaa pembeni kidogo ni jambo la kawaida kabisa. Usiilipie kama kasoro.

Maandishi pacha, yaani yanayoonekana mara mbili, ndiyo yanayowaponza watu zaidi. Chukua senti moja ya Marekani ya mwaka 1955. Muhuri wake, wakati wa kutengenezwa, ulipokea picha mara mbili, ya pili ikiwa imegeuka kidogo. Inakadiriwa kuwa zaidi ya senti 20,000 za aina hiyo ziliingia mikononi mwa watu. Mwaka na maneno ya upande wa kichwa cha Lincoln huonekana mara mbili kwa macho matupu. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10, herufi zote mbili zina mwinuko kamili, na ncha zake zimegawanyika. Sasa weka kando yake sarafu ambayo muhuri wake ulilegea ukatikisika wakati wa kupiga: utaona kivuli bapa mithili ya ngazi, na herufi yenyewe imekonda kwa kuliwa upande mmoja. Hii ya pili ni ya kawaida mno, na kwa kawaida haina bei ya ziada. Nimewaona watu wakiinunua kwa pesa nyingi, na inauma.

Mfano mwingine ni senti ya 1943. Shaba ilihitajika vitani, hivyo senti za mwaka ule zikapigwa kwa feleji iliyopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilivyobaki vikapita mtamboni, na leo hugombewa minadani. Ukiona senti ya 1943 yenye rangi ya shaba, isogezee sumaku. Ikinasa, ni feleji iliyopakwa shaba baadaye. Isiponasa, usishangilie bado, ipime. Ya shaba ina takriban gramu 3.11, ya feleji 2.7. Halafu ikague tarakimu ya mwisho kwa lenzi, maana wapo walioichonga 8 ya 1948 ikawa 3, na hapo sumaku na mizani vyote hupita bila kugundua.

Bei hufuata uhaba, hali ya sarafu na jinsi kasoro inavyoonekana. Sarafu iliyopigwa nje ya kati kwa karibu nusu, lakini mwaka wake ukabaki kusomeka, kwa kawaida hupendwa kuliko iliyosogea kidogo tu. Linganisha na bei zilizolipwa kweli minadani. Bei anayoitaja muuzaji ni tamaa yake bado.

Tafadhali usiisafishe. Siki, dawa ya meno na brashi huondoa ngozi ya juu ambayo mtaalamu huitegemea kusoma pigo, na mara nyingi thamani huondoka nayo. Ishike ukingoni, itie kwenye bahasha yake peke yake, uilete na vumbi lake.