Joto la mchana, radi ya usiku: kulisoma anga la Ziwa Victoria

Ukifika kwenye mwalo wa dagaa, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, saa saba mchana, katika siku za joto kabla mvua za vuli hazijashika, utawakuta kinamama wakigeuza dagaa juu ya mchanga unaochoma nyayo. Wavuvi wamelala kwenye vivuli. Usiku utakapoingia, wavuvi hao watawasha taa zao na kwenda ziwani, maana dagaa hufuata mwanga, na hufuata vizuri zaidi usiku usio na mbalamwezi. Mimi kazi yangu ni kutabiri hali ya hewa, na kwangu joto lile la mchana na radi ya usiku huo ni hatari moja inayokuja kwa zamu mbili.

Jua hupasha ardhi haraka kuliko maji. Mchana hewa ya nchi kavu hupata joto na kupanda, na hewa yenye unyevu hutoka ziwani kuja kujaza nafasi yake. Ndiyo maana alasiri ngurumo hupiga zaidi huku juu kwenye miinuko. Vilima vya Nandi na Kericho, mashariki mwa ziwa, vinajulikana kwa radi na mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi, lakini maji ya ziwa hubaki na uvuguvugu wake. Sasa hewa ya nchi kavu huteremka kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ambako haina pa kwenda ila juu. Mawingu huota wakati watu wa nchi kavu wamelala, na hukaza kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, mara nyingi zaidi upande wa magharibi. Kwa mvuvi wa dagaa, hizo ndizo saa za kazi.

Wengi wetu tunaogopa radi, na ni sawa kuiogopa. Ila mtumbwi huzamishwa na upepo. Wingu la ngurumo huweza kupanda zaidi ya kilomita 12, na mvua inaposhuka kutoka juu huko huja na hewa baridi nzito, ambayo ikigonga maji husambaa kwa kasi mbele ya mvua yenyewe. Ziwa lililokuwa shwari linachafuka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo, ukiwa ziwani na fukuto la jioni likakatwa ghafla na upepo wa baridi, nyavu si kitu cha kupigania tena. Jaketi okozi lililofungwa puani mwa mtumbwi halitakusaidia. Livae tangu unapoondoka mwaloni.

Dalili zipo mapema kuliko upepo. Umeme unaomulika mbali bila sauti ni wingu hai, na huenda linakuja. Ukiona mmuliko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa 30, wingu liko umbali wa kilomita 10 hivi, na radi huweza kupiga umbali huo kabla hujaguswa na tone la mvua. Injini ikiwa inanguruma hutasikia kitu, kwa hiyo amini macho. Bora zaidi, usisubiri dalili. Mamlaka za hali ya hewa za Tanzania, Kenya na Uganda hutoa utabiri wa ziwa. Uulizie kabla ya kununua mafuta.

Nchi kavu, usijibanze chini ya mti wala kwenye banda la wazi la mwaloni. Nyumba imara au gari lenye bodi ya chuma lililofungwa vioo ndiyo hifadhi, na ukae humo dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 katika shule moja mkoani Geita; tangu hapo sichoki kuwaomba wakuu wa shule waweke vizuia radi. Kuvua nguo nyekundu na kufunika vioo, kama tulivyofundishwa na wazee wengi, hakuzuii chochote.

Joto nalo halipigi kelele, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mwili hupoa jasho linapokauka, na kando ya ziwa hewa yenye unyevu huchelewesha kukauka huko. Anayeanika dagaa juani akianza kusikia kizunguzungu na kichwa kuuma, apelekwe kivulini anywe maji kidogo kidogo. Akianza kuropoka au kupepesuka na mwili unawaka, ubongo wake umeshaanza kuumia. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mtafute usafiri wa hospitali huku mkiendelea kumpoza. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Na aliyepigwa na radi mguseni mara moja. Mwili wake haubaki na umeme, ingawa nimesikia mara nyingi watu wakiachwa chini kwa hofu hiyo. Kama hapumui, mkandamizeni kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana mnapochoka, mpaka apumue au mhudumu wa afya afike.