Sadaka ya Kazi ya Mikono kwa Ajili ya Marehemu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mama yangu alipofariki aliacha nyuma ya mlango ukili wa miyaa, yaani ukanda mrefu uliosukwa ili ushonwe kuwa jamvi, aliokuwa ameukunja kama gurudumu, uliotosha labda nusu ya jamvi. Hata matanga hayajaanuliwa, hapa Mikindani kila aliyeuona alikuwa na lake la kusema kuhusu namna ya kumtolea marehemu sadaka. Maneno yale yale nimeyasikia tena katika misiba mingi ya Mtwara na Lindi, na baadhi yake hayana msingi.

Lenye nguvu kuliko yote ni kwamba marehemu huheshimiwa kwa sufuria: mbuzi achinjwe, pilau ipikwe, watu wale washibe, na kitu cha kusukwa au kushonwa aachiwe asiye na uwezo. Kulisha watu ni sadaka, wala sina ugomvi nako. Hata hivyo, hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inataja mambo matatu yasiyokatika mtu anapokufa, na mojawapo ni sadaka yenye kuendelea, yaani ile inayowafaa watu muda wote inapotumika, kama lifanyavyo jamvi linalotandikwa msikitini au linaloazimwa kila mtaa unapofiwa. Saad bin Ubada, ambaye mama yake alifariki yeye akiwa hayupo, alimuuliza Mtume iwapo sadaka atakayoitoa kwa niaba ya mama huyo itamfaa. Alipojibiwa kuwa itamfaa, alitoa bustani yake. Wakristo wenzetu wa Masasi, Ndanda na Nyangao nao wana mfano ulio karibu zaidi na sindano na uzi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Dorkasi wa Yafa alipofariki, wajane walisimama karibu na Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizokuwa amezishona alipokuwa pamoja nao. Hakuna aliyetaja alichowapikia.

Wengine hudhani kwamba kila kilichomo chumbani mwa marehemu ni cha aliyemuuguza, naye anaweza kukitoa sadaka apendavyo, hasa kanga na mitandio. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mali ya marehemu hutoka kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi wote. Na ikiwa miongoni mwao yumo mtoto mdogo, fungu lake halitolewi sadaka hata watu wazima wote wakikubaliana. Ndiyo maana tulilazimika kupigiana simu, mpaka kwa kaka yetu aliyeko Newala, kwa ajili ya ukili ambao sokoni usingefikisha hata nauli ya kwenda kwake.

Dhana niliyoilipia mwenyewe ni ile isemayo kwamba kilichotengenezwa kwa uchungu hakikataliwi. Kabla hatujaugusa ukili, nilifuma kofia kumi na mbili za watoto njiti, kwa sababu mama ndiye aliyenisaidia kumlea mwanangu aliyezaliwa kabla ya wakati. Nilitumia uzi mzito wa nailoni wenye rangi kali, nikapamba kila kofia kwa shanga tatu na kifundo cha nyuzi kileleni. Katika hospitali niliyozipeleka, muuguzi alizipokea kwa heshima, akaigeuza moja ndani nje, akaivuta shanga kwa kucha mbili, na shanga ikabaki mkononi mwake. Akanirudishia zote. Niliudhika sana, na nilikaa wiki nzima nikimsimulia kila mtu ubaya wake, ilhali haki ilikuwa upande wake.

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, hupoteza joto haraka kwa kuwa hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na sehemu kubwa ya joto hilo hupotelea kichwani kwa sababu kichwa chake ni kikubwa kulingana na mwili. Katika utunzaji wa kangaruu, ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mtoto hulazwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa nepi na kofia, na soksi zikiwepo. Kofia hiyo inapaswa kuwa laini, yenye kunyumbulika, isiyochuja rangi, isiyo na kamba wala kitu kinachoweza kung'oka, na ifuliwe kabla ya kupelekwa. Vipimo huulizwa wodini kabla ya kununua uzi. Mimi nilipima kwa chungwa. Kofia za pili, za uzi wa pamba, zilipokewa.

Kuhusu kuandika jina la marehemu juu ya kitu kinachotolewa, halikatazwi, lakini si sharti: aya ya 271 ya Surat al-Baqara inaisifu sadaka ya wazi, kisha inasema ile inayofichwa na kupewa mafukara ni bora zaidi.

Lipo pia suala la muda, kwamba ikipita arobaini nafasi imepita, au kwamba lazima kusubiri korosho ziuzwe. Sadaka kwa ajili ya maiti haina tarehe, na kazi ya mikono ina majira yake yenyewe. Kwetu mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na jamvi lililoshonwa likiwa na unyevu halafu likakunjwa huota kuvu, kwa hiyo tulingoja kiangazi. Mama mdogo aliloweka miyaa mipya, akausuka ukili ulipoishia, kisha akaushona pindo kwa pindo. Alipoanzia yeye panaonekana, kwani mama alikuwa akikaza sana na mdogo wake hulegeza. Jamvi liko msikitini, upande wa wanawake. Mwaka jana pembe moja ilifumuka, na mama mdogo akaenda kuirudishia.