Eti "si stori tu ya kutunga"?

Watu wanapenda kusema ukivurugwa na riwaya basi wewe mlaini, kwani si stori tu jamani. Hapana aisee. Akili inajua Rosa wa kwenye riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) hayupo, ila mwili hausubiri ruhusa, pale baba yake, anaitwa Zakaria, anampiga kisa barua ya mvulana unashtukia umekunja vidole vya miguu na chai imeshapoa. Halafu kitabu sio sinema, sura unaziweka mwenyewe, mi Zakaria nilimpa sura ya jirani mmoja mlevi wa utotoni, ndo maana Rosa alipojiua (samahani nimekuharibia) nililala na taa inawaka siku mbili. Ukizidiwa funga kitabu, katoke nje upige stori na watu, hakikimbii.