Volvo 240 kwenye saketi: tatizo si udogo wa breki

Swali limerudi tena: "Naandaa Volvo 240 ya zamani kwa mbio za klabu, breki zinaisha baada ya mizunguko mitano, ninunue kalipa gani kubwa?" Jibu langu ni kwamba bado hujajua kilichoisha. Breki hufa kwa njia tatu au nne tofauti, na ile inayozipata 240 nyingi haitibiwi na kalipa kubwa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski.

Imani kwamba 240 inahitaji breki kubwa ina asili yake. Mwaka 1985 Gianfranco Brancatelli na Thomas Lindström walitwaa ubingwa wa Ulaya wa magari ya saluni wakiwa na 240 Turbo, Per Stureson akatwaa ule wa Ujerumani mwaka huohuo, na 1986 Robbie Francevic akatwaa wa Australia. Magari yale yalikuwa na breki kubwa kweli, kwa sababu yalikuwa na farasi zaidi ya 300. Injini ya kawaida ya 240, B230F ya lita 2.3 bila turbo, ina farasi 114. Mwisho wa njia iliyonyooka haifikii mwendo ule hata karibu, na joto la breki linakua kwa mraba wa mwendo. Halafu kuna kanuni. Kwenye 24 Hours of Lemons, mbio za Marekani za magari ya bei chee, bei ya gari ina kikomo cha dola 500, ila breki, rimu na tairi havihesabiwi. Mtu akiona mlango uko wazi hapo, pesa zake zote zinapitia hapo.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza pedali. Ikizama laini kama sponji, na ukiipampu inapanda, mafuta ya breki yamechemka: mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi. Ikibaki juu na ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote lakini gari halipungui mwendo, pedi zimepita joto lake. Na ikizama mara ya kwanza tu baada ya kona yenye mtikisiko, kisha ya pili ikawa sawa, beringi ya mbele imelegea na diski inayochezacheza imesukuma pedi nyuma. Beringi hizi unazirekebisha mwenyewe: kaza nati huku gurudumu likizunguka, legeza nusu duara, kaza tena kwa vidole, tia pini mpya. Watu wamenunua kalipa za pistoni sita kwa sababu ya nati moja.

Sasa hesabu. Gari la kilo 1300 pamoja na dereva, likishuka kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80, linaacha karibu kilojuli 960 kwenye breki. Tuseme mbele panabeba asilimia 70: kila diski ya mbele inapata kama 340. Diski ya kilo 6 inapanda nyuzi zipatazo 120 kwa kona hiyo moja, ya kilo 8 ingepanda 90. Tofauti ipo, lakini ni ya breki ya kwanza. Baada ya mizunguko kumi uzito wa diski hauamui tena. Kinachoamua ni hewa inayoondoa joto kati ya kona na kona. Dereva wa lori anayeshuka mteremko wa Kitonga analijua hili bila kalamu: ngoma zake ni kubwa kuliko sufuria ya pilau la harusi, na bado anashuka kwa gia, kwa sababu joto lisipopata pa kwenda linajilimbikiza tu.

Lazima niseme pia upande wa pili. Diski pana ina eneo kubwa zaidi la kupoa, na kwa kanyago lilelile inasimamisha kwa nguvu zaidi. Si kweli kwamba haisaidii kabisa. Kwa gari la farasi 114 lenye tairi za kawaida za klabu, nakadiria kuwa msaada wake ni mdogo kuliko wa hatua ninazozitaja hapa chini, ila sijawahi kuona mtu akipima mbili hizo siku moja, uwanja mmoja, na dereva mmoja.

Anza na mafuta. DOT ni daraja la mafuta ya breki: DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu, kiwango chake kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Mafuta maalumu ya mbio hupita 300 yakiwa mapya, lakini mengi hunywa unyevu haraka, kwa hiyo toa upepo kwenye mabomba ya breki kabla ya kila wikiendi ya mbio na utupe chupa iliyokaa wazi. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo, iache.

Pedi: za barabarani hazikutengenezwa kwa joto hili. Nunua za mbio, kisha uzizoeze kwenye diski safi, breki kumi hivi za nguvu bila kusimama kabisa, halafu uendeshe taratibu zipoe.

Hewa: kata sahani ya vumbi iliyo nyuma ya diski, leta bomba la milimita 75 kutoka chini ya bampa, na ulielekeze katikati ya diski upande wa ndani, ili hewa iingie kwenye matundu na kutokea ukingoni. Ukipuliza uso mmoja tu, uso huo unapoa, mwingine unabaki na moto, na diski inapinda. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili kabla ya kufunga bomba, maana tairi italila. Kama 240 yako ina diski zisizo na matundu, tafuta kalipa na diski zenye matundu kutoka 240 nyingine. Hiyo ndiyo breki kubwa ninayoikubali, kwa sababu inaingia kwenye rimu za inchi 15 na haigusi mpangilio wa mabomba.

Mpangilio huo ndio unaonifanya niandike. Kwenye 240 za kabla ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) kila kalipa ya mbele ina pistoni nne na mipira miwili ya kupitisha mafuta. Volvo waligawa breki kwa pembetatu: kila mkondo wa mafuta unashika magurudumu yote mawili ya mbele, kwa nusu ya pistoni zao, pamoja na gurudumu moja la nyuma. Mpira ukipasuka, unabaki na breki mbele kushoto na kulia, na nyuma upande mmoja. Ni kazi nzuri sana ya uhandisi.

Kalipa nyingi za kununua zina tundu moja tu la mpira. Basi mtu anafunga mpira mmoja na kuziba wa pili kwa bolti. Pedali inakuwa ngumu, gari linasimama, kila mtu anafurahi. Lakini mkondo uliozibwa sasa unaishia kwenye gurudumu moja la nyuma. Ule mwingine ukivuja, mtu huyo ana breki ya gurudumu moja tu la nyuma akiwa kwenye kilomita 160. Mwingine anaunganisha mipira miwili kwa kiungo cha T. Hapo mikondo miwili imekuwa mmoja, na tundu dogo popote linamwaga breki zote nne. Ukiamua lazima ubadilishe kalipa, gawa upya mfumo wote, mkondo wa mbele na mkondo wa nyuma, na upange upya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) na vali zinazopunguza presha ya nyuma. Ukizing'oa vali hizo bila kuweka kirekebishi, magurudumu ya nyuma yatajifunga kwanza na gari litageuka.

Na ukitoa upepo kwenye kalipa za asili, fungua nipeli zote, za nusu zote mbili, si ile ya juu tu. Pedali laini inayolaumiwa kwa "breki ndogo" mara nyingi ni kiputo kilichobaki kwenye nusu ambayo fundi hakuigusa. Mipira ya kusuka ya chuma inauzwa kwa seti ya sita: minne mbele, miwili nyuma. Ukiletewa seti ya minne, rudisha.

Kalipa kubwa pia inalazimisha rimu kubwa. Bolti ni 5 kwa 108, yaani tano kwenye duara la milimita 108, kwa hiyo rimu za Volvo zinazovutwa na magurudumu ya mbele zinaingia kwenye bolti, lakini zinakaa ndani mno na kudai spesa. Uzito juu ya uzito. Ukitoa kilo 100 ndani ya gari badala yake, umepunguza joto la breki kwa karibu asilimia 8 bure. Kwenye gari la soko la Marekani anza na bampa na vifyonza-mshtuko vyake.

Mengine kwa haraka. Safisha mtego wa moto wa upumuaji wa injini; ukizibika, presha inatoboa sili ya nyuma ya kranki na oili inamwagikia klachi. Shusha sampu, badilisha mipira ya bomba la pampu ya oili, weka vizuizi vya oili, na uongeze nusu lita, kwa sababu kona ndefu huacha pampu ikivuta hewa. Gari la kati ya 1980 na 1987, kagua waya za injini. Ngozi yake inapukutika mkononi. Keji ya kumlinda dereva gari likipinduka: bomba la upinde mkuu kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ni milimita 45 kwa 2.5, au 50 kwa 2.0, la chuma lisilo na mshono; soma kitabu cha klabu yako kabla ya kukata. Bushi ngumu weka mbele na kwenye fimbo ya Panhard, ile inayozuia ekseli ya nyuma isiyumbe kando. Za mikono ya nyuma naziacha za mpira, kwa kuwa ekseli inahitaji kujipinda, ingawa wapo wanaoweka ngumu kote na gari linakwenda vizuri, na sababu yake sijaielewa.

Ukimaliza mbio, zunguka mara moja bila kugusa breki. Ukisimama, toa mguu kwenye pedali, usivute handbreki, weka kabari kwenye tairi, fungua boneti, kisha gusa rimu ya kila upande kwa mgongo wa mkono. Upande ulio moto kuliko mwenzake una pistoni iliyokwama, na hiyo inatengenezwa kwa seti ya sili.