Tokso na mimba: IgG pozitifu si ugonjwa

"Munganga, niko na tokso." Tokso ni toksoplasmosi, ugonjwa wa kimelea. Mama analiweka jambo hilo mezani pamoja na karatasi ya labo na pakiti ya spiramisini, antibiotiki aliyokwisha kununua kwa pesa ya chakula. Ninasoma: IgG pozitifu, IgM negatifu, yaani kingamwili (askari wa damu) za kudumu zipo, zile za mwanzo wa maambukizi hazipo. Jirani amemwambia mtoto atazaliwa na kichwa kikubwa. Muuza dawa amemwambia ameze vidonge mpaka azae. Nimelisikia hili mara nyingi mno hapa Lubumbashi, kwa hiyo acha niliandike.

IgG pozitifu na IgM negatifu mwanzoni mwa mimba maana yake uliambukizwa zamani, pengine ungali mtoto unachezea udongo, na mwili wako ulishinda. Kimelea kinapoingia, IgM hutokea ndani ya wiki moja hivi. IgG hufuata karibu na wiki ya pili, hupanda kwa mwezi mmoja au miwili, kisha hushuka taratibu lakini haziishi, utazeeka nazo. Kazi nzito zaidi inafanywa na seli T, chembe za kinga katika damu, zinazotoa kemikali ya kinga iitwayo interferoni gama na kukibana kimelea mpaka kinajifungia katika vifuko vidogo ndani ya misuli na ubongo. Mama mwenye kinga nzima, kimelea kilicholala hivyo hakimfikii mtoto wake tumboni.

Sasa ile spiramisini unamezea nini? Hakuna dawa inayofuta IgG, na hakuna sababu ya kuzifuta, maana ndizo alama ya ulinzi wako. Hakuna inayomaliza vile vifuko pia. Spiramisini ni ya mama aliyeambukizwa akiwa tayari na mimba: hujikusanya kwenye kondo la nyuma na kupunguza uwezekano wa kimelea kuvuka. Na anayekurudisha labo kila mwezi aone kama IgG "zimeshuka" anakumalizia pesa bure.

Ninayemhangaikia mimi ni mama wa IgG negatifu na IgM negatifu, yule anayetoka akishukuru kwamba "hana kitu". Kweli hana kitu, hata kinga hana. Huyo ndiye wa kuambiwa michopo (nyama ya kuchoma) iive mpaka ndani, isibaki na wekundu karibu na mfupa. Karoti na saladi zisizopikwa azioshe kwa maji mengi safi, na anawe mikono akitoka kushika udongo wa bustani au nyama mbichi. Kipimo chake ndicho cha kurudia.

IgM pozitifu nayo inaogopesha kupita kiasi. IgM hukaa miezi mingi, wakati mwingine hata kupita mwaka, na kuna vipimo vinavyoionyesha wakati haipo. Dawa ya wasiwasi huo ni kupima avidite, yaani nguvu ya IgG kukishika kimelea: za zamani hukamata kwa nguvu, changa hushika kwa ulegevu. Avidite ikiwa juu katika miezi mitatu ya kwanza, maambukizi yalitangulia mimba. Ikiwa chini, bado haithibitishi kwamba ni mapya. Kama labo haifanyi kipimo hicho, damu ichukuliwe tena baada ya wiki mbili au tatu, palepale, IgG zilinganishwe. Mimba isitolewe kwa sababu ya karatasi moja ya IgM. Ninawaomba sana.

Wengine wanasema mimba inazima kinga yote. Hapana. Mwili hutuliza kinga zaidi pale kwenye kondo, kwa sababu interferoni gama ikizidi pale inaweza kuharibu mimba yenyewe. Kwa maambukizi mapya, kimelea huvuka kwa mama chini ya 15 kwa 100 mwanzoni mwa mimba, na zaidi ya 60 kwa 100 kuelekea mwisho. Lakini mtoto aliyefikiwa mapema ndiye anayeumia zaidi, macho na ubongo.

Mimba kutoka mara kwa mara? Tokso ya zamani haihusiki. Mume na mama mkwe waache kumsema. Apimwe kaswende, kisukari na kizazi. Paka naye asitupwe: kwa kawaida hutoa mayai ya kimelea wiki chache tu baada ya kuambukizwa, na kinyesi huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuambukiza. Kizolewe kila siku, na mtu mwingine.

Mtoto mchanga mwenye IgG si lazima awe mgonjwa, maana IgG za mama huvuka kondo na huisha kabla ya mwaka. IgM hazivuki, zikionekana kwake, afuatiliwe haraka.

Mama mmoja tu simwambii atulie na IgG yake: mwenye virusi vya UKIMWI ambaye CD4, yaani chembe za kinga zinazoshambuliwa na virusi hivyo, zimeshuka. Kwake kimelea kilicholala kinaweza kuamka. Asikose ARV hata siku moja, na aseme hali yake tangu CPN (kliniki ya wajawazito) ya kwanza.